Ushuhuda wa Roketi ya Kipande Kimoja

Kwetu kopo la siagi halikutupwa. Siagi ikiisha, lilikuwa kopo la chumvi. Likichakaa, la kumwagilia miche ya sukuma wiki. Likishatoboka kabisa, Mama alilikata akaziba nalo tundu kwenye banda la kuku. Nadhani ndiyo maana roketi zilinikera tangu siku niliyoelewa zinavyofanya kazi. Watu wanajenga chombo kwa miaka, wanakiwasha, na dakika chache baadaye sehemu yake kubwa imezama baharini. Safari moja, chombo kimoja. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa vyombo vya angani hapa Minneapolis, mwaka wa tatu, na nilikuwa na hasira juu ya vyuma ambavyo hata havikuwa vyangu.

Halafu nikagundua kwamba kuna watu walionitangulia kukasirika. Orofa ya chini kabisa ya maktaba ya chuo kulikuwa na majarida ya miaka ya sitini, yamejalidiwa kwa ngozi nyekundu na hayakuwa na wasomaji. Ndani yake wahandisi wenye miwani mizito walikuwa wamechora roketi za ajabu: fupi, nene, pana chini na nyembamba juu, mfano wa kichuguu. Roketi hizo hazikuangusha kitu. Zilipanda nzima, zikashuka nzima, zikatua wima kwa matako, zikajazwa mafuta zikaondoka tena. Mchoro mmoja ulionyesha kikosi cha askari wakishuka kwa ngazi kutoka tumboni mwa roketi iliyotua kwenye uwanja wa nyasi. Mwingine ulikuwa na abiria, akina mama wenye mikoba, wanavuka bara moja hadi jingine kwa muda mfupi kuliko ule nilioutumia kungojea basi wakati wa baridi. Hakuna hata moja iliyojengwa. Nilizisoma nimesimama, maana sikuweza kuketi.

Tatizo lao lilikuwa uzito. Ili roketi ya kipande kimoja ifike kwenye mzingo wa dunia, karibu sehemu tisa katika kila kumi za uzito wake lazima ziwe mafuta. Ile moja inayobaki ndiyo kila kitu kingine: mitambo, matangi, waya, mzigo, miguu ya kutulia. Roketi za kawaida zinakwepa hesabu hiyo kwa kutupa sehemu zilizokwisha kazi. Ya kwetu (nilikuwa nimeanza kusema "ya kwetu") inabeba kila msumari wake kwenda na kurudi, na juu ya hayo inatakiwa ibakize mafuta ya kujishikilia hewani wakati wa kutua. Ukiongeza kilo moja kwenye miguu, umeiondoa kwenye mzigo. Nilijaza madaftari kwa hesabu za miguu. Nilikuwa na mguu wangu mwenyewe niliouchora, mwepesi, unaojikunja, na niliamini moyoni kwamba wenzangu wote wamekosea isipokuwa mimi.

Nilikuwa nakaa Saint Louis Park kwa dada yangu mkubwa, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Yeye alifanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa na mdomo. Nilikuwa na tabia ya kutikisa goti nikiwaza, na nilikuwa nawaza muda wote.

"Wewe injinia, hebu tuliza huo mguu," alikuwa akisema. "Utatoboa carpet ya landlord."

Nilitulia dakika mbili, kisha nikasimama, nikaenda dirishani, nikafungua friji, nikaifunga. Kulikuwa na sababu. Miaka hiyo, kusini kabisa, kwenye jangwa, kulikuwa na chombo cheupe cha majaribio chenye urefu wa kama ghorofa nne, kilichokuwa kikifanya yale ya kwenye majarida mekundu. Hakikufika mbali. Kilipanda, kikasimama hewani, kikasogea pembeni kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, halafu kikashuka taratibu juu ya moto wake na kukanyaga ardhi kwa miguu minne. Nilikuwa na kanda ya video ya mruko mmoja. Niliirudisha nyuma na kuiangalia tena mpaka Dada akaificha.

Kwa hiyo barua ilipokuja, majira ya kuchipua mwaka wa tisini na sita, sikuisoma vizuri. Ilitoka kwa kiwanda kidogo upande wa Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, kilichotengeneza vipuri vya vyombo vya namna hiyo. Walitaka vijana wa kiangazi. Walikuwa wameona maombi yangu na wakanialika tuzungumze Jumanne. Kuzungumza tu, basi. Lakini siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kesho yake palikuwa na ushirika.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo nitaonekana mwongo kabla ya wakati wake. Kila Jumamosi mchana Wakenya kama ishirini hivi tulikutana sebuleni kwa Dada, tukaimba, tukasoma, kisha watu wakasimama kutoa ushuhuda. Na katika ushirika wetu mtu hakuomba kitu mara mbili. Kuomba mara ya pili kulionekana ni shaka. Ulishukuru. Mwenye kutaka visa alisimama akashukuru kwa visa, mwenye kutaka mume akashukuru kwa mume, na tukaitikia Amina kwa sauti ya kutikisa vikombe. Kila mtu mle ndani alijua kwamba kitu chenyewe bado hakijafika. Hakuna aliyekisema. Kukisema ndiko kungekuwa kuharibu.

Basi nikasimama. Nikasema, "Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa kunipa kazi katika roketi inayotua wima."

"Amina!"

Nikaeleza roketi. Nilieleza vizuri mno, nafikiri. Nilitumia kikombe cha chai kama roketi na sahani kama jangwa, na wauguzi waliotoka zamu ya usiku wakafumbua macho. Kwenye zulia, mgongo ukutani, alikuwepo binti mmoja wa chuo kingine, mwaka wa kwanza, ambaye alikuwa amepata nafasi ya kuingia uuguzi msimu wa vuli. Yeye hakusema Amina. Aliuliza, katikati ya ushuhuda, jambo lisilofanyika, "Na upepo ukivuma inaposhuka?" Nilimpenda kwa swali hilo. Watu wakacheka, tukaendelea.

Jumanne nilivaa tai. Mkobani nilikuwa na mchoro wa mguu wangu, nimeukunja ndani ya gazeti usichafuke. Mama mmoja mpole alinipokea, akanipa kahawa, akaanza kujaza fomu. Je, mimi ni raia? Hapana. Nina kadi ya kijani? Hapana. Akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mambo ya roketi sheria inayaweka kundi moja na silaha, na mtu mwenye pasipoti ya kigeni haruhusiwi hata kuvuka ule mlango wa kioo nyuma yake, sembuse kushika michoro. Alisema ni kosa lao, walipaswa kuuliza mapema. Alisema alama zangu ni nzuri sana. Nilimuuliza kama naweza angalau kumwonyesha mtu mchoro wangu mimi, kwa kuwa huo nimeuchora mwenyewe na hauna siri yoyote. Akaona haya kwa niaba yangu. Kahawa ilikuwa bado moto nilipotoka.

Jumamosi ushuhuda wangu ulikuwa imani. Kufikia Jumanne saa nne na nusu asubuhi ulikuwa uongo, na bado hata sikuwa nimefungua mdomo.

Sikuweza kwenda nyumbani mapema vile. Nilikwenda kwenye jumba kubwa la maduka la jirani, nikalizunguka ghorofa zote, nikalizunguka tena. Nilipofika Saint Louis Park jioni, Dada alikuwa amepika pilau na amempigia Baba. Baba, mwalimu mstaafu, alikuwa tayari amewaambia kanisani. Jumapili wangenitaja kwenye maombi ya shukrani.

"Haya, sema," Dada akasema, akiwa ameshika mwiko. "Unaanza lini?"

Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ni fupi. Nikaangalia ule mwiko, nikaona uso wake umechoka na unang'aa, nikasema, "Masomo yakiisha. Juni."

Juni nikaanza kazi: chumba cha nyuma cha duka la viatu, kwenye lile lile jumba la maduka. Nilipanga maboksi. Dada alinipigia pasi shati kila asubuhi kabla hajalala, maana injinia haendi kazini na shati la makunyanzi, na mimi nikalivaa mpaka chooni kwenye maduka, nikalivua, nikavaa fulana ya duka. Jioni nikabadilisha tena. Kijana mzima na digrii inakaribia, nilikuwa navua nguo chooni kama mtoto anayekwepa shule. Niliona aibu, na aibu hiyo ilinifanya niwe mkali. Dada akiuliza kazi ikoje, nilijibu kwa mkato kwamba ni siri, sheria haituruhusu kusema. Hilo angalau lilikuwa na chembe ya ukweli.

Yule binti akaanza kunitafuta. Alikuja maktabani kwetu kwa basi, siku zangu za mapumziko, na maswali ameyaandika. Nilimwonyesha majarida mekundu. Nilimfundisha hesabu ya uzito, na baada ya wiki mbili alinikamata nimekosea: nilisahau kwamba mafuta ya kutulia nayo yanahitaji tangi la kuyabeba. Alikuwa na kichwa hasa. Alikuwa pia na utulivu ambao mimi sikuwa nao. Aliweza kukaa masaa matatu na tatizo moja wakati mimi nazunguka meza.

"Bro," aliniambia siku moja, "nikikuuliza utanijibu ukweli? Mimi nursing sikuitaka. Niliichukua kwa sababu kila mtu huku anaifanya. Wewe walikuuliza pasipoti?"

Swali lilikuwa wazi, na nilikuwa nimekaa naye uso kwa uso.

"Waliangalia alama," nikasema.

Akatabasamu, akaandika kitu pembeni mwa daftari lake. Nikajiambia kwamba ana umri wa miaka kumi na tisa na mawazo yake yatabadilika. Nikajiambia kwamba sheria nayo inaweza kubadilika. Niliondoka maktabani kabla yake, na nilitembea kwa miguu hadi Saint Louis Park, masaa mawili na zaidi, jua likinichoma shingo.

Mwisho wa Julai chombo cha jangwani kilianguka. Dada alikuwa nyumbani jioni hiyo na taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nikatoka bafuni na povu usoni. Kilikuwa kimeruka vizuri. Kilikuwa kimeshuka vizuri pia, taratibu, wima, na miguu mitatu ikafunguka. Wa nne haukufunguka. Kikakanyaga ardhi, kikasimama kitambo kidogo kana kwamba kinafikiri, kisha kikainama upande ule usio na mguu na kulala chini, kikawaka.

Nilihuzunika, na sitaki mtu adhani sikuhuzunika. Niliona ule mguu uliokataa nikajua ningeutengeneza vipi. Lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine, na kilipanda haraka kuliko huzuni yenyewe. Nilifarijika. Roketi imekufa, kazi imekufa nayo, na hakuna atakayejua kwamba haikuzaliwa. Dada alinikumbatia na povu langu likampaka begani, akalia. Mimi nikaangalia juu ya bega lake na kupanga maneno.

Kesho yake wakaja kunipa pole, kama wanavyokuja kwenye msiba. Walileta chapati kwenye ndoo ndogo ya plastiki, mchuzi wa kuku, chupa mbili za chai. Wanaume walinishika mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa Apple Valley, muuguzi wa miaka mingi, akaniuliza kama kuna aliyeumia. Nikasema hapana, hakikuwa na mtu ndani. "Basi mshukuru Mungu," akasema. Nikainamisha kichwa. Nikawaambia wametusimamisha kazi sote kwa sasa. Nilisema "sote." Nilikula chapati nne.

Yule binti alinifuata jikoni nilipokwenda kuongeza chai.

"Mguu mmoja tu, bro," alisema. "Wataurekebisha. Nataka ujue haijanitisha."

"Nini haijakutisha?"

"Nina fomu ya kurudisha nafasi ya nursing. Wako watu wengi kwenye waiting list, nikiirudisha siku hiyo hiyo wanampa mwingine. Lakini nimefikiria. Kama wewe uliingia na hii pasipoti yetu, hata mimi nitaingia. Nina mpaka Jumanne."

Ilikuwa Alhamisi. Nilihesabu siku kwa haraka kuliko nilivyowahi kuhesabu uzito: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku nne nzima, nikaona ni nyingi. Nikamwambia asiharakishe. Akasema sawa. Chai ikamwagika kwenye kisahani na nikaipangusa kwa mkono wa shati.

Ijumaa sikulala, na kazini nilipanga maboksi ya wanawake kwenye rafu za watoto. Nilitaka kumpigia simu. Nilipiga mara mbili nikakata kabla haijalia. Nilijiambia nitamwona Jumamosi, nitamvuta pembeni kabla ya nyimbo, nimweleze yeye peke yake, na wengine wabaki na chapati zao na msiba wao. Nilikuwa bado natafuta njia ya kutua bila kuchafua nguo.

Jumamosi alichelewa, basi lilimwacha. Aliingia tukiwa tumeshaimba, akavua viatu mlangoni, akaketi mbali. Na ushuhuda ulipofunguliwa, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Bwana asifiwe," alisema. Alikuwa amevaa gauni la buluu na alishikilia mkoba wake mbele kwa mikono yote. "Nataka kumshukuru Mungu kwa kunipa kazi ya kujenga roketi."

"Amina!"

"Mwajua roketi ilianguka. Lakini mimi nimeangalia maisha ya ndugu yetu hapa—"

Nikasimama. Hakuna anayesimama ushuhuda wa mwenzake ukiendelea. Kiongozi akanionyesha kwa kiganja niketi. Sikuketi.

"Mimi sikuajiriwa," nikasema.

"Amina," wakasema watu watatu wanne, kwa mazoea.

"Hawakunichukua. Aprili, siku ile ile. Waliniuliza uraia. Mtu mwenye pasipoti yetu haruhusiwi kuingia mlangoni, ni sheria. Nafanya kazi duka la viatu." Nikamgeukia. "Usipeleke ile fomu."

Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa mashine na sebule nzima ikaisikiliza ile mashine. Dada ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka funguo.

"Na mashati niliyokuwa nakupigia pasi?"

Akaondoka akaenda jikoni, na sikusikia maji wala vyombo huko.

Binti alikuwa bado amesimama. Hakulia. Alikuwa na ule uso wake wa maktabani, anapokagua hesabu na kutafuta mahali ilipokosewa.

"Nilikuuliza," alisema. "Maktabani. Nilikuuliza hivyo hivyo."

"Najua. Nilikudanganya."

"Nilipeleka jana."

"Ulisema una mpaka Jumanne."

"Nikaona kungoja Jumanne ni kukosa imani," alisema.

Ilimchukua karibu miaka miwili kupata nafasi nyingine ya uuguzi, na aliipata katika chuo cha mji mwingine, mbali, peke yake. Hayo niliyasikia kwa watu. Siku ile nilichokuwa nakijua ni kwamba kosa langu la Aprili lilikuwa la sentensi moja, na lile la Alhamisi jikoni lilikuwa la sentensi hiyo hiyo, na mara zote mbili nilikuwa na muda wa kutosha.

Kiongozi wetu hakujua la kufanya, basi akafanya lile tunalofanya siku zote. Akasema tumzunguke binti yetu tumwombee. Watu wakainuka kutoka makochini na kwenye zulia, wakamsogelea, wakamwekea mikono kichwani, mgongoni, mabegani, na waliokuwa nyuma wakawashika walio mbele. Maombi yakaanza, kila mtu kwa sauti yake. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wengine wote. Nikanyoosha mkono na mimi.

Akaliondoa bega.